Nyonga ya Tom Watson

Kazi yangu wakati huo ilikuwa kuwasimamisha watu waliobadilishiwa nyonga. Nilikuwa muuguzi katika wodi ya mifupa mjini Glasgow, na wengi wa wagonjwa wetu walikuwa na miaka sitini kwenda juu. Tuliwatoa kitandani mapema, wakashika kiunzi cha kutembelea na kupiga hatua tatu nne huku wameuma meno, na siku ya kuwaruhusu kwenda nyumbani tukawakumbusha masharti: wasikunje mguu kupita kiasi, wasipishanishe miguu, wasijipinde ghafla. Kwa hiyo Julai 2009, niliposoma gazetini kwamba Mmarekani Tom Watson, mwenye umri wa miaka 59 na nyonga ya bandia ya kushoto aliyowekewa Oktoba iliyotangulia, alikuwa akiongoza mashindano ya gofu ya Open ya Uingereza kule Turnberry, Scotland, sikushangazwa sana na alama zake. Nilijiuliza kile kiungo kinavumiliaje. Mchezaji wa mkono wa kulia anapopiga mpira, uzito wote wa mwili huhamia upande wa kushoto, na hapo hapo nyonga huzungushwa kwa nguvu ambayo sisi wodini hatukumruhusu mtu hata kuijaribu.

Mjomba wangu, aliyekuwa amekuja kututembelea kutoka Nairobi, hakuwa na habari na nyonga ya mtu. Ujanani alikuwa kedi, yaani mbeba mabegi ya wachezaji, katika klabu ya gofu ya Muthaiga, na mwaka 1978 alimshuhudia Seve Ballesteros akitwaa Kenya Open katika uwanja huo huo. Tangu hapo Mhispania yule akawa mtu wake, na Watson akawa mtu wa kutiliwa shaka. Ndani ya treni ya kwenda Ayr, Jumapili ile ya tarehe 19, alinieleza upya habari za mwaka 1984 kule St Andrews, Watson alipokuwa akisaka taji lake la sita la Open ili amfikie Harry Vardon, mwenye rekodi ya mataji sita, mpira wake wa pili katika shimo la 17 ukapita grini, yaani uwanda wa nyasi fupi wenye shimo, na kwenda kukwama karibu na ukuta wa mawe, huku Seve akimaliza shimo la 18 kwa shangwe na kuondoka na kombe.

"Mwanangu," akasema, "yule ameshashinda mara tano. Ya sita alinyimwa na Seve, na aliyenyimwa na Seve hapewi tena."

Nilimwambia kwamba Seve mwenyewe, aliyekuwa akiugua uvimbe wa ubongo, huenda siku hiyo alikuwa akimwombea Watson heri. Alinyamaza hadi tulipopanda basi la uwanjani.

Wapo wanaodhani kwamba Watson aliibuka kutoka kusikojulikana wiki ile. Ukweli ni kwamba uwanja wa Turnberry ulikuwa kama shamba lake. Hapo ndipo mwaka 1977 alipomshinda Mmarekani mwenzake Jack Nicklaus kwa mkwaju mmoja, 268 kwa 269, maana katika gofu mwenye mikwaju michache ndiye mshindi, baada ya wote wawili kuwaacha wenzao mbali sana. Hapo ndipo mwaka 2003, akiwa tayari miongoni mwa wakongwe, alipotwaa Open ya wachezaji waliovuka miaka 50, kombe ambalo alilichukua tena mwaka 2005 na 2007. Mwaka huo wa 2003 ulikuwa pia mwaka wa majonzi kwake, kwa sababu kedi wake wa miaka mingi, Bruce Edwards, aligunduliwa kuwa na ugonjwa unaoua mishipa ya fahamu inayoendesha misuli, na Watson akaugeuza umaarufu wake kuwa njia ya kuchangisha fedha za utafiti. Edwards alifariki Aprili 2004. Kabla ya hapo maisha ya Watson yalikuwa yameshapita katika pombe, aliyoiacha, na katika talaka. Mwaka 1999 alioa tena. Begi lake 2009 lilibebwa na Neil Oxman, rafiki wa marehemu Edwards, ambaye kazi yake hasa ilikuwa kutengeneza matangazo ya kampeni za wanasiasa wa Marekani. Mjomba aliposikia hilo alicheka mpaka machozi yakamtoka: yeye alibeba mabegi ili apate ada ya shule, na hapa kuna tajiri anayebeba kwa mapenzi.

Watson alianza siku hiyo akiwa mbele kwa mkwaju mmoja, baada ya raundi za 65, 70 na 71. Tulimfuata mashimo machache, nami sikutazama mpira hata kidogo; nilitazama mguu. Alishuka vilima vya mchanga bila kuchechemea, na alipoinama kuokota mpira shimoni hakuurudisha mguu wa kushoto nyuma jinsi tunavyowafundisha wagonjwa wetu. Angekuwa mgonjwa wangu ningemkemea.

Alipofika shimo la 18 alikuwa anahitaji mikwaju minne tu ili ashinde. Stewart Cink, mwenye miaka 36, alikuwa ameshamaliza akiwa nyuma yake kwa mmoja. Mkwaju wa kwanza wa Watson ulitua katikati ya njia. Wa pili aliupiga kwa fimbo namba 8, mpira ukaenda moja kwa moja kwenye bendera, nasi jukwaani tukasimama; ulipotua ulidunda, ukaendelea kukimbia, ukapita grini yote na kusimama kwenye nyasi za nyuma. Kutoka pale aliusukuma kwa fimbo ya grini, ukalipita shimo kwa karibu futi nane. Mkwaju wa kurudisha ulikuwa dhaifu, haukukaribia kuingia. Akawa amefungana na Cink, na ikabidi wacheze mashimo manne ya ziada.

Kesho yake magazeti yaliandika kwamba uzee ndio uliomwangusha. Sikubaliani nayo. Mkwaju ule wa pili haukuwa wa mzee. Ulipigwa vizuri mno, na ungekuwa umetua hatua chache nyuma leo tungekuwa tukisimulia habari nyingine, kwa kuwa rekodi ya mshindi mkongwe kuliko wote wa mashindano makuu ilikuwa ya Julius Boros, aliyeshinda mwaka 1968 akiwa na miaka 48. Uzee niliuona baadaye, katika mashimo manne ya ziada. Alipopanda kwenda kupiga mkwaju wa kwanza wa shimo la 17 miguu ilikuwa imeshakufa, kiwiliwili kikizunguka na nyonga ikibaki nyuma, na mpira ukaenda kuzama katika nyasi ndefu. Hali hiyo naijua, kwa sababu ndiyo ninayoiona jioni kwa mgonjwa aliyetembea vizuri tangu asubuhi. Cink alishinda kwa mikwaju sita, na watu wakampigia makofi ya adabu tu, jambo ambalo nililiona si haki kwake, maana hakuiba kitu cha mtu.

Alipoingia chumba cha waandishi wa habari na kuwakuta wamenuna, Watson aliwaambia kwamba hayo si mazishi. Mjomba alilipenda neno hilo kuliko mchezo wote. Katika basi la kurudi tulibishana hadi Ayr, yeye akishikilia kwamba kedi wa kweli angemnyang'anya ile namba 8 na kumpa 9, isiyopeleka mpira mbali kama 8, nami nikimwambia kwamba kosa lilikuwa ule mkwaju wa kusukuma, kwamba angeuinua kidogo kwa fimbo fupi. Abiria wa mbele yetu, mzee wa Kiskoti, aligeuka kuuliza tunazungumza lugha gani na tunamwonaje Watson.

Siku nne baadaye Watson alikuwa Sunningdale, karibu na London, akicheza Open ya wakongwe kana kwamba hakuna lililotokea. Mjomba alitaka twende. Nilimwonyesha nauli ya treni, akasema basi tutamtazama kwenye televisheni, na akamtazama siku zote nne akiwa na daftari mkononi, akiandika fimbo aliyodhani imetumika kila shimo.