Ukungu kwenye padi namba tano

Jana jioni binti yangu aliichukua ile padi, kipande cha chuma kilichotoka kwenye beringi ya turbini, ninayokandamizia karatasi mezani. Akaipumulia, akaisugua kwa pindo la shati lake, akaitazama, akasugua tena kwa nguvu zaidi.

"Baba, mbona nusu inang'aa na nusu ina ukungu? Hautoki."

Nilitaka kumjibu haraka nikashindwa. Mkono wangu ulikumbuka kwanza, kabla ya kichwa: ulikumbuka vidole vya Mzee, fundi mkongwe niliyefanya kazi naye, vilivyonishika kiganja, vizito na vyenye oili, siku ile nilipotaka kufanya hivyohivyo alivyofanya mtoto.

Mwaka ule ulikuwa wangu wa pili kazini. Kazi yangu kwenye turbini ya mvuke ilikuwa kuzunguka na ubao wa karatasi, kusoma geji na kuandika. Kati ya vyote nilivyovisoma, kimoja nilikipenda: mahali ilipo shafti. Mvuke unaposukuma mapanga ya turbini, unaisukuma shafti nzima kuelekea upande mmoja. Kinachoizuia isiende ni beringi ya msukumo: kola iliyo sehemu ya shafti, na mbele yake padi nane zilizopangwa duara, kila moja ikiwa huru kuinama kidogo juu ya kiegemeo chake. Padi ikiinama, oili inavutwa kuingia kwenye kabari ile nyembamba na kujenga utando. Tani zote za msukumo zinabebwa na utando huo, wenye unene wa makumi machache tu ya mikroni, yaani chini ya unene wa unywele. Chuma hakigusi chuma.

Mzee alikuwa na hadithi yake ya hilo, na aliisimulia kwa heshima kama mtu anayetaja wakwe. Kwamba Michell kule Australia na Kingsbury kule Marekani walilipata wazo hilohilo, kila mmoja peke yake, kati ya mwisho wa karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20. Kwamba Kingsbury aliifunga beringi ya namna hiyo kwenye mtambo mkubwa wa umeme wa maji huko Holtwood, Pennsylvania, mwaka 1912, ikaendelea kubeba mzigo kwa miongo na miongo bila kuisha. "Kwa hiyo usije ukaniandikia uchakavu wa kawaida," alikuwa akisema. "Beringi hii ikiwa na oili safi inaelea. Kinachoelea hakichakai. Ukiona imepungua, kuna kilichoila."

Na yetu ilikuwa inapungua. Mwanzoni mwa mwaka, mtambo ukiwa kwenye mzigo kamili, sensa za mahali pa shafti zilionyesha milimita 0.12. Wiki chache baadaye 0.16. Kisha 0.21. Nilikuwa nikilinganisha siku zenye mzigo uleule tu, maana mzigo ukibadilika, msukumo nao hubadilika na shafti husogea kidogo bila kosa lolote. Baada ya karibu miezi minne tulikuwa 0.30. King'ora kilikuwa bado mbali. Joto la padi halikutikisika: nyuzi 86, 87, 86. Vipimo vya oili vilionyesha bati limepanda kidogo, ndani ya mipaka. Sumaku ya kwenye tangi la oili ilitoka safi kila mara, na hilo liliwatuliza wengi, ingawa bati halinasi kwenye sumaku.

Injinia wa zamu aliona ni sensa. Mzee akauliza sensa ngapi. Mbili. Zote zimesogea kiasi kilekile? Ndiyo. Akakunja chati yangu, akaitia mfukoni.

Mtambo uliposimamishwa kwa matengenezo yaliyokuwa yamepangwa, kitu cha kwanza alichotaka ni nafasi ya shafti, yaani kiasi inachoweza kusogea mbele na nyuma. Tulifunga geji ya saa kwenye mwisho wa shafti, tukaisukuma mbele, tukaisukuma nyuma. Faili la matengenezo yaliyopita lilisema 0.35. Sisi tulipata 0.53. Nilipiga hesabu kwenye kiganja: tofauti 0.18, na 0.30 ukitoa 0.12 ni 0.18. Nilifurahi mno. Leo naona aibu nikikumbuka nilivyofurahi.

Kifuniko kikanyanyuliwa. Mzee alitaka kila padi iandikwe namba na mshale wa mzunguko kabla ya kutolewa, na ziwekwe juu ya meza kwa mpangilio uleule wa duara. Nilipoishika ya tano ilikuwa bado na joto, imejaa oili ya rangi ya asali. Nikachukua kitambaa. Hapo ndipo aliponishika.

"Usifute. Ukifuta kabla ya kutazama umemfukuza shahidi."

Akaigeuza kwanza mgongo. Mimi nisingefikiria mgongo. Alikuwa anatafuta kama kiegemeo kimejikandamiza kikawa bapa, maana padi isiyoweza kuinama haiwezi kujenga utando. Palikuwa pazuri. Akaigeuza uso, akachota oili kidogo kwa ncha ya kidole, akaisugua kati ya vidole viwili akiwa amefumba macho. Hakuna mchanga. Ndipo akaniambia nizime taa ya juu, akawasha tochi na kuilaza karibu na meza, mwanga ukaja kwa mshazari kabisa juu ya ile babiti, tabaka la metali linalofunika uso wa padi.

Babiti ni laini, ni bati kwa sehemu kubwa, na antimoni na shaba kidogo. Ikiwa nzima inakuwa na mng'ao wa kijivu uliotulia. Nusu ya mbele ya padi, pale oili inapoingilia, ilikuwa hivyo. Nusu ya nyuma, kuelekea ukingo wa kutokea, ilikuwa imefifia, nyeupe-nyeupe, kama kioo kilichopumuliwa. Nilidhani ni pumzi ya Mzee mwenyewe kwa jinsi alivyoinama. Nikasubiri ipotee. Haikupotea.

Akapiga picha. Akaosha uso wa padi kwa kiyeyusho, akaukausha kwa hewa. Ukungu ukabaki palepale, sasa ukiwa dhahiri zaidi, na mpaka wake uliojipinda kama ufukwe. Akaanza kunihoji, sauti ya chini, kana kwamba kuna mgonjwa amelala.

"Pitisha ukucha kukata mwelekeo wa mzunguko. Unanasa?"

"Haunasi."

"Basi si uchafu uliopita kwenye oili. Uchafu huacha mifereji. Unaona babiti imeburutwa kwenda ukingoni?"

"Hapana."

"Basi haijagusana na kola. Nyufa?"

Hakukuwa na nyufa. Hakukuwa na ngozi nyeusi ngumu inayoletwa na maji kwenye oili, wala ule urojo wa kahawia wa oili iliyoungua. Kila alipouliza nikajibu hapana, nilihisi tunafunga milango mmoja baada ya mwingine na kubaki kwenye chumba kidogo sana. Akanipa lensi ya kukuza mara 10.

Nimeona vitu vingi tangu hapo, na bado sijaona kilichonigusa namna ile. Ule ukungu haukuwa ukungu. Vilikuwa vishimo, maelfu kwa maelfu, vya mviringo, vimesongamana kama matone ya mvua ya kwanza juu ya vumbi. Na chini ya kila kishimo kulikuwa na kitu kinachong'aa, laini, kama shanga. Nilizungusha padi taratibu chini ya lensi, navyo vikawaka na kuzima kwa zamu. Kitu cha kiwandani, cha kunuka oili, na kilikuwa kizuri kiasi kwamba nilisahau kupumua.

"Chini kunang'aa," nikasema.

"Kwa nini kung'ae?"

Nilifikiri. "Kumeyeyuka."

Babiti ya namna ile huanza kulainika kuwa majimaji kwenye nyuzi kama 240. Sensa zetu zilisoma 86. Ili kitone kidogo namna hiyo kiyeyuke huku padi nzima ikiwa na joto la kawaida, kinahitajika kitu kimoja tu: cheche. Mzee akanieleza akiwa bado ameinama. Mvuke wa mwisho wa turbini una matone ya maji, matone yanapiga mapanga na kuruka, na shafti inabaki na chaji. Shafti inaelea juu ya oili kila mahali, kwa hiyo chaji haina njia ya kushuka. Inajikusanya. Ikitosha, inaruka kupitia pale utando wa oili ulipo mwembamba kuliko pote, yaani karibu na ukingo wa kutokea. Cheche moja, kishimo kimoja. Kisha inajikusanya tena. Ndiyo maana kuna brashi ya kaboni inayogusa shafti na kuishusha chaji hiyo ardhini.

Alipofika kwenye neno brashi mimi nilishafika.

Ukaguzi wa brashi ya ethi ulikuwa wangu. Kila wiki, sanduku moja dogo kwenye karatasi: sawa, au si sawa. Brashi ilikaa nyuma ya kinga yenye matundu, na kwa tochi uliweza kuona kishikio na springi. Nilikuwa nimeweka alama ya sawa mara 16.

Tulikwenda pamoja. Akafungua kinga mwenyewe. Kaboni ilikuwa imekwisha hadi kuwa fupi kuliko ukucha, springi imefika mwisho wake na haisukumi tena, na pale kwenye shafti palipotakiwa pang'ae kwa kusuguliwa palikuwa na ngozi nyeusi ya oili na vumbi. Hakunitazama. Alisema tu, "Kijana, uliiona brashi, au ulikiona kishikio?"

"Kishikio, Mzee."

Akaitikia kwa kichwa. Ndiyo yote.

Yaliyofuata yalikwenda haraka. Padi zilipimwa kwa mikrometa kwenye sehemu yenye ukungu, zikawa zimepungua kati ya 0.16 na 0.19. Seti ya akiba ikafungwa, kola nayo ikang'arishwa, maana cheche haili upande mmoja tu. Brashi mpya. Mtambo ulipozunguka tukapima volti kati ya shafti na ardhi, kwanza brashi ikiwa imeinuliwa kwa makusudi kwa muda mfupi: zaidi ya 20, ikirukaruka. Ikishushwa: chini ya moja.

Ripoti aliiandika yeye. Chanzo: brashi ya ethi iliyokwisha. Jina langu halikuwemo. Injinia alipouliza nani alikuwa akiikagua, Mzee alijibu kwamba karatasi haikumtaka mtu aione brashi, ilimtaka aweke alama, na kuanzia wiki ile sanduku lile likaondolewa. Mahali pake tuliandika urefu wa kaboni kwa milimita na volti iliyopimwa. Huwezi kuandika urefu wa kitu usichokiona.

Alikuwa sahihi kuhusu karatasi. Mimi mwenyewe nimebadilisha karatasi nyingi za namna ile tangu hapo, na ninapigania hilo kila ninapofanya kazi. Lakini kuna usiku ninawaza kwamba macho yangu yalikuwa palepale, mara 16, na tochi mkononi, na kwamba wakati huohuo nilikuwa nikichora kwa fahari chati ya shafti inayosogea. Nilikuwa nimeshika ncha zote mbili za uzi mmoja. Sijui kama ningesema lolote iwapo Mzee asingefungua ile kinga. Nimejaribu kujijibu kwa uaminifu na sipati jibu lilelile mara mbili.

Padi namba tano alinipa siku moja bila neno, imefungwa kwenye kitambaa safi.

"Ni umeme," nilimwambia binti yangu hatimaye. "Umeme uliila, kidogo kidogo." Nikavuta droo nikampa lensi.

Nilikuwa bado naamua kama nimweleze habari ya brashi au niishie hapo. Yeye alishakwenda dirishani. Akaiinamisha padi huku na huku, bila kufundishwa na mtu, mpaka mwanga wa jioni ukaingia kwa mshazari, kisha akatulia, akaanza kuhesabu.