Maharage Bila Mkaa

Kila Desemba jumuiya yetu hapa Igoma, Mwanza, hukusanya chakula kwa ajili ya kaya ambazo hazina uhakika wa kupika siku ya Krismasi, na kwa miaka kadhaa nimekuwa miongoni mwa wanaopokea michango hiyo, kuipima na kuisambaza. Naandika mapema safari hii kwa sababu ya neno nililoambiwa mwaka jana.

Tulimpelekea mzigo bibi mmoja anayeishi mlimani Mabatini, kule ambako nyumba zimejengwa katikati ya mawe na gari haifiki, tukapanda kwa miguu na kilo 5 za maharage, unga, sukari na chumvi. Alituombea baraka, kisha akanishika mkono na kuniambia kwa sauti ya chini, "Mwanangu, nashukuru sana, lakini haya maharage yatamaliza mkaa wangu, nami mkaa nanunua wa kopo." Jiko lake lilikuwa mlangoni, na ndani yake mlikuwa na vipande vitatu vya mkaa uliozimwa kwa maji ili utumike tena jioni. Maharage makavu, hasa yasipolowekwa usiku kucha, yanaweza kukaa motoni saa mbili na zaidi. Tulikuwa tumempa chakula ambacho hakuwa na uwezo wa kukiivisha.

Dagaa nao wanahitaji uangalifu, maana ndiyo mboga ambayo kila mtu wa kanda hii hufikiria kwanza anapotaka kutoa. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, hivyo mbalamwezi inapokolea wavuvi wengi hupumzika na bei pale soko la Mwaloni Kirumba hupanda. Tena Novemba na Desemba ni miezi ya mvua, na dagaa walioanikwa mchangani hupata jua la kubahatisha. Mwaka mmoja nilinunua gunia zima siku chache kabla ya sikukuu, kwa haraka, bila kuingiza mkono hadi chini. Tulipolifungua ili tupime kwa sado, katikati palikuwa na joto, unyevu na ukungu mweupe, tukalitupa lote. Siku hizi namvunja dagaa mmoja mmoja kutoka sehemu mbalimbali za gunia: aliyekauka hukatika, mbichi hupinda.

Kuhusu unga, dona ni bora kwa lishe lakini huharibika upesi kwa sababu ya mafuta ya kiini cha mahindi, kwa hiyo unaokaa ghalani uwe sembe.

Navutiwa sana na majirani zetu Waislamu katika jambo hili, kwani zakatul-fitri, ambayo wengi huikadiria kuwa kilo 2.5 za chakula kikuu kwa kila mtu wa nyumba, hutakiwa imfikie mhitaji kabla ya swala ya Idi, naye huamka asubuhi hiyo akiwa na cha kupika. Sisi tumewahi kufikisha mizigo jioni ya tarehe 25, na hilo liliniuma.

Tena Januari ndiyo nzito zaidi, kwa kuwa shule hufunguliwa na fedha yote huenda kwenye sare na madaftari. Kwa hiyo mwaka huu nimeomba michango igawanywe mara mbili: mzigo wa kwanza utoke tarehe 20 Desemba na wa pili tarehe 15 Januari, wenye mchele, mafuta ya kupikia na dagaa walionunuliwa tangu kiangazi. Anayetaka kuleta maharage alete, ila aambatanishe na mkaa. Mfuko wa Mabatini nitaubeba mwenyewe.