Ukungu Mapajani mwa Bibi

Shangazi alinikabidhi picha ikiwa imebanwa katikati ya kurasa za kitabu, ili isizidi kujikunja. Ni picha ndogo ya nyeusi na nyeupe, inaenea kwenye kiganja. Bibi amekaa kitini, bado msichana, na wanawake wawili wamesimama nyuma yake. Mkunjo umeikata kuanzia bega lake la kushoto hadi magotini, na pale ilipokunjwa utando umebanduka mpaka karatasi inaonekana. Pembe nzima ya chini imeliwa na doa la manjano. Halafu kulikuwa na kitu cheupecheupe mapajani mwa Bibi, kama ukungu.

“Nisafishie, mwanangu,” aliniambia. Nalipenda hilo neno. Zamani kusafisha picha kulikuwa ni kuitoa kwenye filamu ndani ya chumba cha giza, kwa dawa na maji. Siku hizi mimi nasafisha kwa kompyuta, usiku, watu wakishalala.

Sianzi na brashi hata siku moja. Naanza na skana, maana usichokichukua hapo hutakipata tena. Vumbi nalipuliza kwa kipuliza cha mpira. Kitambaa sikigusishi, utando wa jelatini uliokauka miaka yote hiyo unavunjika kwa kuguswa tu. Picha ya ukubwa wa kawaida naiskani kwa nukta 600 kwa inchi. Hii kwa udogo wake niliipa 1200, nikaihifadhi kwa TIFF, aina ya faili inayotunza picha yote, kwa sababu JPEG, ile aina ya kawaida, hutupa sehemu ya picha kila unapoihifadhi upya.

Na niliiskani kwa rangi, ingawa ni nyeusi na nyeupe. Watu wengi hapa ndipo wanapojinyima. Doa la manjano humeza mwanga wa bluu, lakini mwanga mwekundu linauacha upite. Kwa hiyo nilipozitenganisha chaneli tatu za rangi, yaani nyekundu, kijani na bluu zinazounda picha, kwenye ya bluu ile pembe ilikuwa nyeusi tii, na kwenye nyekundu doa lilikuwa karibu halipo. Viatu vya Bibi vilitokea, na kamba zake. Nikaitupa bluu, nikaendelea na nyekundu peke yake. Kazi ambayo ningeifanya kwa brashi usiku mzima ilikwisha kwa dakika moja.

Mkunjo ndio ulionikalisha. Photoshop, programu ninayosafishia picha, ina brashi ya kuponya tangu toleo la 7 la mwaka 2002: inachukua chembechembe za mahali pazima, kisha inazilinganisha na weupe au weusi wa pale unapoziweka. Kwenye ngozi na ukutani ni nzuri sana. Lakini ukifika kwenye ukingo, kama pindo la gauni linapokutana na kiti, inavuruga pande zote mbili, na hapo narudi kwenye muhuri wa kunakili, unaobandika sehemu nzima kama ilivyo, kipande kwa kipande. Yote nayafanya kwenye leya ya juu, kama karatasi angavu iliyolazwa juu ya picha. Skani yenyewe haiguswi.

Usiku wa tatu nikafika mapajani. Gauni lina maua, na nilikuwa nimeshachagua ua la kunakili ili niufunike ule ukungu. Nikakuza picha mara tatu, nikasita. Doa hukaa juu ya picha, linafunika chembe za filamu, vile vitone vidogo vinavyoijenga picha. Ukungu huu ulikuwa na chembe ndani yake, zilezile za usoni mwa Bibi. Tena vidole vya mkono wake wa kulia vilikuwa vimepinda, ncha zake zikipotelea humo ndani. Alikuwa ameshika kitu.

Asubuhi nikampigia shangazi. Alikaa kimya, nikadhani simu imekatika.

“Huyo ni kaka yetu wa kwanza,” akasema. “Hata mimi sikumkuta. Mama alisema walipiga picha naye, ila hakutulia. Ni baba yako mkubwa huyo.”

Ndani ya chumba chenye mwanga hafifu mpigapicha alilazimika kuacha kilango cha kamera kinachopitisha mwanga wazi kwa muda mrefu. Wakubwa walitulia, wakatokea. Mtoto alijinyonganyonga, mwanga wake ukatapakaa kila alipopita. Hakufika umri wa kutembea, na picha nyingine yake hakuna.

Nilijaribu programu ya akili mnemba kwenye nakala. Ilinipa mtoto mzuri, macho wazi, mashavu kamili. Mwili ulinisisimka. Programu hizi zinajifunza kwa sura za watu wengine. GFPGAN ya mwaka 2021, kwa mfano, ilifunzwa kwa mkusanyo wa sura 70,000. Ule uso haukutoka kwenye picha yetu. Na shangazi, ambaye hajawahi kumwona kaka yake, angeuamini. Angeuweka ukutani na kuupenda. Nikafuta nakala ile kabla sijamwambia mtu.

Nilichofanya ni kidogo. Mkunjo nikauponya mpaka ukingo wa ukungu, na ulipopita ndani yake nikaziba palipobanduka tu. Kisha nikaongeza tofauti ya mwanga na giza sehemu ile peke yake, polepole, nikiacha kila chembe mahali pake. Ndani ya weupe vikajitokeza viduara viwili hafifu, kimoja karibu na kifua cha Bibi, kingine chini kidogo kuelekea kwenye kiwiko. Ni mahali mtoto alipotulia kitambo, mara mbili.

Nilimchapia shangazi picha kubwa. Akaivutia dirishani, akavaa miwani, akaiangalia kwa muda mrefu bila kusema neno. Kisha akaweka kidole kwenye kiduara cha kwanza.

“Kichwa kilikuwa hapa,” akasema. Akasogeza kidole. “Halafu akaja hapa.”