Faiawoli ya nyumbani Kampala: kisanduku kipi, umeme gani, kebo ipi

Kosa kubwa katika kununua faiawoli ya nyumbani, yaani kifaa kinachochuja kinachoingia kutoka intaneti, hutokea siku ya kuifunga. Kifaa kinatolewa kwenye boksi, kinaunganishwa kwa kebo na ruta ya kampuni ya intaneti, taa zinawaka, kila mtu anaridhika. Laptopu nayo inaendelea kushika waifai ileile ya zamani, inayotoka kwenye ruta ya kampuni. Faiawoli imekaa pembeni inalinda tundu tupu. Ukuta hulinda kilicho nyuma yake tu, na waifai ile iko mbele ya ukuta.

Kwa hiyo amua habari ya waifai kabla ya kuuliza bei. Ama uchukue faiawoli yenye waifai ndani yake, kwa mfano hAP ax² ya MikroTik, ama uchukue isiyo na waifai, kama hEX, na nyuma yake uweke ruta yoyote ya zamani ikurushie waifai. Ruta hiyo ya zamani ina masharti matatu: zima DHCP yake (huduma ya kugawia vifaa anwani), ipe anwani isiyogongana na ya faiawoli, na kebo uichomeke kwenye tundu lake la LAN (la vifaa vya ndani), si la WAN (la kuelekea intaneti). Ukisahau DHCP, vifaa vitagawiwa anwani na wakubwa wawili, na intaneti itakuwa inakuja na kupotea bila mpangilio. Kisha ingia kwenye ruta ya kampuni uzime waifai yake. Kama wamekufungia mipangilio, wapigie wakuzimie.

Wanaotumia modemu ndogo ya mfukoni ya 4G wana tatizo la kwanza kabisa: nyingi hazina tundu la kebo. Hapo kebo ya faiawoli haina pa kushika. Utahitaji ruta ya 4G ya mezani yenye tundu la LAN, au faiba.

Jambo la pili ni kujua unapewa nini na kampuni yako. Fungua ukurasa wa hali ya ruta yao utazame anwani ya IP ya upande wa WAN. Ikiwa inaanza na chochote kati ya 100.64 na 100.127, au inaanza na 10 yenye nukta mbele yake (10.), uko nyuma ya NAT ya kampuni, yaani unachangia anwani ya nje na wateja wengine wengi. Ndiyo hali ya kawaida kwenye laini za simu. Maana yake mtu wa nje hawezi kukugongea mlango moja kwa moja, lakini pia wewe huwezi kuingia nyumbani kwako kutoka nje bila kupitia seva ya katikati. Usijipe raha kwa sababu hiyo. NAT ya kampuni haiko mikononi mwako, inaweza kubadilishwa bila kuambiwa, na haisemi lolote kuhusu IPv6, mfumo mpya wa anwani. Laini ikianza kukupa IPv6, kila kompyuta hupata anwani yake ya wazi, na hapo ni kanuni za faiawoli peke yake zinazozuia. Faiawoli isiyo na kanuni za IPv6 usiinunue hata ikiwa bei ya kutupa.

Sasa visanduku vyenyewe. Kwa nyumba nyingi za hapa, zenye laini ya megabiti 10 hadi 100, MikroTik ndogo inatosha na kubaki. hEX ya zamani, RB750Gr3, ina matundu matano ya gigabiti, RAM ya MB 256 na hifadhi ya MB 16. Hiyo MB 16 ndiyo udhaifu wake. RouterOS 7, programu inayoendesha MikroTik, imenenepa, na siku ya kusasisha utaambiwa nafasi haitoshi. Dawa ni kufuta mafaili na vifurushi vya ziada, ikishindikana unaisafisha upya kwa Netinstall, programu ya MikroTik ya kusakinisha upya kutoka kwenye kompyuta. Toleo la hEX lililotoka mwaka 2024 lina hifadhi ya MB 128, na kama bei zinakaribiana chukua hilo bila kufikiria mara mbili. Kifaa kisichosasishika si faiawoli tena, ni mlango. Mwaka 2018 tundu la usalama lililosajiliwa kama CVE-2018-14847, katika Winbox, programu ya kusimamia MikroTik, liliwaachia wezi ruta nyingi duniani, wakati sasisho la kuliziba lilikuwa limetolewa tangu Aprili mwaka huohuo. Walioumia ni wale ambao hawakusasisha na walioacha poti 8291, yaani mlango wa Winbox kwenye mtandao, wazi kwa nje.

Anayetaka kuona zaidi ya kanuni za kawaida, yaani kumbukumbu nzuri za matukio, VPN ya nyumbani (njia ya siri ya kuingia kwenye mtandao wako ukiwa mbali) na ramani ya nani anaongea na nani, aangalie programu za faiawoli za OPNsense au pfSense kwenye kompyuta ndogo. Zenye prosesa ya Intel N100 na matundu manne ya mtandao hazina feni, zinakula umeme kidogo, na RAM ya GB 8 inatosha. Hakikisha kadi za mtandao ni Intel. Programu hizi zimejengwa juu ya FreeBSD, ambayo na kadi za Realtek haipatani vizuri sana, na adapta za mtandao za USB ndizo mbaya zaidi kwa sababu hukatika kazi ikizidi. Kisanduku kisicho na feni kipe hewa. Vumbi letu jekundu likishalala kwenye mapezi ya alumini, joto halina pa kutokea.

Wengi hukimbilia kompyuta iliyotumika, zile Dell OptiPlex nyembamba zinazouzwa mjini. Si wazo baya, ila piga hesabu ya Yaka, umeme wa kulipia kabla, kwanza. Mashine inayokula wati 30 mchana na usiku inamaliza yuniti 21.6 kwa siku 30. N100 ya wati 10 ni yuniti 7.2. hEX ya wati 5 ni 3.6. Kwa mwaka, tofauti ya OptiPlex na hEX ni yuniti zaidi ya 200. Ukiamua hivyohivyo, nunua kadi ya Intel ya matundu mawili yenye bamba fupi la nyuma, kwa kuwa bamba refu haliingii kwenye boksi jembamba. Kisha ingia BIOS, sehemu ya Power Management, uweke AC Recovery kuwa Power On, ili umeme ukirudi mashine iamke yenyewe. Na ubadilishe betri ya CR2032 siku hiyohiyo. Ikifa, mpangilio huo unafutika, mashine inasimama ikisubiri mtu abonyeze F1, na nyumba nzima haina intaneti huku wewe uko Jinja.

Umeme ndio unaoua faiawoli Uganda kuliko wadukuzi. Kwa OPNsense na pfSense, wakati wa kusakinisha chagua mfumo wa mafaili wa ZFS, si UFS. UFS ikikatiwa umeme katikati ya kuandika inaweza kuharibika na mashine ikagoma kuwaka. ZFS huvumilia hayo vizuri zaidi.

MikroTik ina uzuri wake hapa. RB750Gr3 inapokea umeme wa DC kuanzia volti 8 hadi 30, hivyo betri ya volti 12 inaiwasha moja kwa moja. Betri ya 12V 7Ah ina watisaa 84. Tumia nusu tu, maana betri ya risasi ikikamuliwa hadi chini haidumu. Ukiwa na hEX ya wati 5 na kisanduku cha faiba cha wati 6, unapata karibu saa nne. Lakini kisanduku cha faiba kimezoea volti 12 kamili, na betri ikiwa inachajiwa hupanda hadi 14 na ushee, kwa hiyo kipitishie kidhibiti cha volti 12. Aina nyingine za MikroTik zina mipaka tofauti. Soma maandishi yaliyo chini ya kifaa chako.

Na hapa tazama adapta kwa macho yako. Adapta inayokuja na RB750Gr3 ni ya volti 24. Ya kisanduku cha faiba ni ya volti 12. Vichwa vyake vya duara vinaingia kotekote, na rangi ni nyeusi zote. Umeme umekatika, mtoto amechomoa, giza, mtu anarudisha kwa kupapasa. Ile ya 24 ikiingia kwenye kisanduku cha faiba, utasikia harufu kabla hujaona moshi. Zungushia kila adapta utepe wa rangi yake, na rangi hiyohiyo ibandike kwenye kifaa chake.

Kuna hitilafu nyingine inayoletwa na umeme ambayo watu huitafuta siku nzima. MikroTik hizi ndogo hazina betri ya saa. Zikizimika, saa hurudi nyuma, mara nyingine hadi mwaka 1970. Kama umewasha DNS (huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa namba) ya siri kupitia HTTPS na ukaamuru vyeti vikaguliwe, kila cheti kinaonekana hakijaanza kazi, DNS inakataa, seva ya saa haipatikani kwa jina, na saa haijirekebishi. Wanasubiriana. Weka seva hiyo ya saa (NTP) kwa namba, si kwa jina. 162.159.200.1 ya Cloudflare inafaa.

Kufunga hEX mpya ni kazi ya nusu saa. Kebo kutoka ruta ya kampuni inaingia tundu la kwanza, laptopu tundu la pili. Fungua 192.168.88.1 kwenye kivinjari. Acha kanuni zilizokuja nayo kiwandani. Zimeandikwa vizuri: zinapitisha majibu ya mazungumzo uliyoanzisha wewe, zinatupa pakiti batili, na zinakataa karibu kila kinachoanzia nje, isipokuwa ping. Watu huzifuta kwa kunakili kanuni za mtandaoni wasizozielewa, na mara nyingi hubaki na ukuta wenye mwanya. Weka nenosiri refu, sasisha, kisha fungua Terminal uzime huduma usizotumia kwa amri hii:

/ip service disable telnet,ftp,www,api,api-ssl

Winbox unaiacha kwa matumizi ya ndani.

Ikiwa kampuni inakupa laini kwa PPPoE, yaani ya kuingia kwa jina na nenosiri, pana mtego. Kanuni za kiwandani zinafuata orodha inayoitwa WAN, na ndani yake limo tundu la kwanza tu. Ukitengeneza kiungo cha PPPoE, kinachoitwa pppoe-out1, intaneti haipiti. Mtu anaongeza kanuni ya NAT kwa pppoe-out1 pekee, intaneti inapita, anafunga laptopu. Hajui kwamba kanuni ya kuzuia wageni kupenya kwenda kwenye kompyuta za ndani bado inaangalia orodha ileile, na pppoe-out1 haimo. Tiba ni mstari mmoja, bila kugusa NAT:

/interface list member add interface=pppoe-out1 list=WAN

MikroTik iliyotumika usiiamini kwa kubonyeza kitufe cha kurudisha mwanzo pekee. Isafishe kwa Netinstall: kebo tundu la kwanza, shikilia kitufe cha reset ukiwa unachomeka umeme, usiachie mpaka jina la kifaa lijitokeze kwenye kompyuta. Leseni haipotei. Kinachopotea ni hati za siri na watumiaji walioachwa na mwenye kifaa wa awali.

DVR ya kamera iweke kwenye tundu lake peke yake na mtandao wake, na uizuie kuanzisha mazungumzo na kompyuta. Wala usiifungulie poti kwa nje kwa ajili ya kutazama geti ukiwa kazini. Mirai ya mwaka 2016 ilijijenga kwa kamera na DVR zenye nenosiri la kiwandani. Tumia WireGuard, ambayo ni aina ya VPN, na kama uko nyuma ya NAT ya kampuni, kodi seva ndogo ya katikati. UPnP, inayoruhusu vifaa kujifungulia poti vyenyewe, izime.

Jambo moja linaihusu Uganda kwa namna ya pekee. Tangu kodi ya mitandao ya kijamii ya Julai 2018, na zaidi tangu Facebook ilipofungwa Januari 2021, VPN za bure zimejaa kwenye simu na kompyuta. VPN ni bomba linalopita katikati ya faiawoli yako, na faiawoli haioni kilichomo. Orodha yako ya DNS ya kuzuia tovuti mbaya, kwa mfano 1.1.1.2 au 9.9.9.9, kwa kawaida inarukwa. Usinunue kisanduku cha bei ghali cha kuchunguza pakiti kwa nyumba ambayo kila kompyuta iko ndani ya VPN ya bure. Fedha hizo zitafaa zaidi kulipia VPN yenye sifa.

Mwisho, jaribu ukuta wenyewe. Kupima kwa tovuti za nje ukiwa nyuma ya NAT ya kampuni hakukuambii kitu, maana unapima mlango wao, na matokeo yatakuwa mazuri hata kama huna faiawoli kabisa. Chomoa kebo ya tundu la kwanza, uchomeke hapo laptopu ya pili yenye anwani ya kudumu, na faiawoli nayo upande huo uipe anwani ya kudumu ya mtandao huohuo. Kisha endesha programu ya kupima poti, nmap, kwa nmap -Pn -p- na anwani ya faiawoli. Hukawia, kwa kuwa poti zinazokaa kimya zinasubiriwa zijibu, basi iache ifanye kazi usiku. Asubuhi usikute poti hata moja iliyoandikwa open. Ukiikuta 53 (ya DNS) au 8291, rudi kwenye orodha ya WAN na LAN, kagua kila tundu liko upande gani, kisha upime tena.