Ninavyotenganisha "rob" na "steal"

Vitenzi hivi viwili nilivitenganisha pale nilipoanza kuangalia yambwa, yaani kile kinachofuata mara baada ya kitenzi. "Steal" hufuatwa na kitu kilichochukuliwa: "steal a phone". "Rob" hufuatwa na aliyepoteza kitu, awe mtu au mahali: "rob a woman", "rob a bank". Kwa hiyo "steal a bank" maana yake ni kuibeba benki yenyewe.

Kuiba na kuibia hutusaidia sana: aliiba pesa ni "steal", alimwibia jirani iko karibu na "rob". Ugumu uko kwenye kutendwa, kwa sababu tunasema simu imeibiwa na pia nimeibiwa simu, umbo lile lile. Ukilihamisha jinsi lilivyo unapata "I was stolen", yaani wewe ndiye uliyebebwa. Mimi huangalia kiima. Kikiwa kitu, naandika "My phone was stolen". Kikiwa mtu, "I was robbed".

Vihusishi navyo hutofautiana: "He robbed her of her savings", lakini "He stole her savings from the drawer". "He stole me my phone" haikubaliki, kwa kuwa "steal" haibebi yambwa mbili kama ibia. "He stole my phone" inatosha. "My" imeshamtaja mwenye simu.

Kisha kuna suala la nguvu. Sheria ya Wizi ya 1968 ya Uingereza na Wales, kifungu cha 8, inataka, ili wizi uitwe "robbery" (kosa la ku-"rob"), mwizi awe ametumia nguvu au kumtia mtu hofu ya kudhurika papo hapo, kabla tu ya kuiba au wakati wa kuiba. Adhabu ya juu ni kifungo cha maisha. Kwa wizi wa kawaida ni miaka 7. Basi kunyang'anywa ni "rob", kuchomolewa simu mfukoni bila kujua ni "steal". Mitaani wengi husema "I was robbed" hata kwa kuchomolewa, ila kwenye taarifa ya polisi au ya bima usiiandike hivyo, maana itasomeka kwamba ulitishwa au kupigwa. Nyumba ikivunjwa wenyewe hawapo, Waingereza husema "burgle".

Maumbo: "steal, stole, stolen" na "rob, robbed, robbed". Angalia hizo b mbili. Ukiandika "robed" umesema mtu amevaa joho.