Tuliuita mshtuko mdogo

Baba na baba mdogo walipata mshtuko wa moyo ndani ya mwaka mmoja, na mimi ndiye niliyewasindikiza kliniki wote wawili. Mshipa wa baba ulikuwa umeziba kabisa. Kipimo cha umeme wa moyo kilionyesha hivyo papo hapo, akazibuliwa na kuwekewa stenti, kijibomba cha wavu kinachouacha mshipa wazi, usiku uleule. Wa baba mdogo ulikuwa umebana bila kuziba wote, na kipimo cha troponini katika damu ndicho kilichofichua kwamba misuli ya moyo imeumia. Kwa kuwa hatukukimbizana usiku, sisi nyumbani tukauita wake mshtuko mdogo, na neno hilo likatughilibu.

Baba aliruhusiwa akiwa na tarehe zote za kurudi. Mshipa ukiziba kabisa, eneo kubwa la misuli huweza kufa, hivyo baada ya wiki kadhaa alirudiwa kipimo cha eko ili ionekane moyo unasukuma damu kwa nguvu gani. Moyo huchukua muda kuzinduka, na kwa kawaida uamuzi wa kupandikiza kifaa cha kuzima mapigo hatari kwa mwenye moyo dhaifu husubiri siku 40 zipite. Mishipa yake mingine pia ilikaguliwa.

Baba mdogo alitoka na dawa tu. Hilo linaniuma hadi leo, kwa sababu wagonjwa wa aina yake mara nyingi ni watu wazima zaidi, wenye kisukari, figo dhaifu au mishipa kadhaa iliyobana, na ingawa si wengi wanaofariki siku za mwanzo, kadiri miaka inavyokwenda hatari yao huweza kuwa sawa na ya wale ambao mshipa uliziba kabisa, au kuizidi. Mwezi wa tatu, akijiona mzima, aliacha klopidogreli, dawa ya kuzuia damu isigande. Dawa hiyo pamoja na aspirini kwa kawaida huendelea miezi 12 kwa aina zote mbili, isipokuwa daktari afupishe muda kwa kuhofia kuvuja damu. Statini, yaani dawa za kushusha kolesteroli, na mazoezi ya kuurejesha moyo huhitajika kwa wote.

Upo pia mshtuko usiotokana na bonge la damu, bali upungufu mkubwa wa damu au maambukizi makali yanayoupunguzia moyo oksijeni. Huo hufuatiliwa kwa kutibu chanzo chake kwanza.

Nilipomrudisha baba mdogo, nilimwomba daktari aandike aina ya mshtuko, nguvu ya moyo wake, na kila dawa itumiwe hadi lini. Kadi hiyo naitunza mimi.