Kumbukumbu ya mradi wangu: skrini ya ukutani na saa ya Mama

Tarehe 9 Machi

Nyumba yetu iko Rau, Moshi. Ina tangi la chini linalopokea maji ya bomba, simtanki la lita 2,000 lililo juu ya mnara, na pampu inayopandisha maji kutoka la chini kwenda la juu. Tangu Januari kazi hiyo inasimamiwa na Home Assistant, programu huria ya kuendesha vifaa vya nyumbani iliyoanzishwa na Paulus Schoutsen mwaka 2013, ambayo nimeiweka kwenye kompyuta ndogo ya Raspberry Pi 4 sebuleni. Kifaa kidogo cha ESP32 chenye rilei, yaani swichi inayoendeshwa kwa umeme, ndicho kinachowasha na kuzima pampu, na kihisi kilichofungwa chini ya mfuniko wa simtanki ndicho kinachopima kina cha maji. Mitambo hiyo haikunisumbua sana. Kinachonisumbua ni kishikwambi cha zamani nilichokitundika karibu na mlango wa jikoni, kwa sababu watu wanne wanakitazama na kila mmoja anatafuta lake.

Ukurasa wa kwanza nilioutengeneza ulionyesha kila kitu: volti, joto la Raspberry Pi, nguvu ya mawimbi ya Wi-Fi, hata muda tangu ESP32 iwake. Niliupenda mno. Mke wangu alisimama mbele yake akitafuta uniti za LUKU zilizobaki, akakosa, akaenda kubonyeza mita kama zamani.

Tarehe 16 Machi

Juma hili sikuandika msimbo wowote. Nilimwuliza kila mtu ni swali gani linalompeleka kwenye skrini. Mke wangu anataka kujua umeme utaisha lini. Mita ya LUKU haizungumzi na mfumo wangu, hivyo nimefunga kipimo cha PZEM-004T kwenye waya mkuu, na yeye akishanunua tokeni anaandika idadi ya uniti alizopata, mfumo unajumlisha na kupunguza kadiri umeme unavyotumika. Uniti moja ni kilowati-saa moja, kwa hiyo hesabu yenyewe ni nyepesi. Hata hivyo alikataa kuonyeshwa uniti. Alitaka siku, nami sasa nagawanya salio kwa wastani wa siku saba zilizopita na kuandika kwa herufi kubwa: “Zimebaki siku 4.”

Mama, ambaye anafuga ng’ombe wawili wa maziwa na ndiye mtumiaji mkubwa wa maji nyumbani, alisema asilimia hazimwambii kitu, kwa kuwa yeye anahesabu ndoo. Ndoo ni lita 20, na lita 2,000 ni ndoo 100 kamili, hivyo sikulazimika kubadili hesabu hata kidogo: nilifuta alama ya asilimia nikaandika “ndoo”. Sijawahi kufanya marekebisho mepesi kuliko hayo yakasifiwa kiasi kile.

Kila mmoja sasa ana ukurasa wake kwenye simu, na kishikwambi kina vichupo vinne. Nimejiandikia onyo nisije nikasahau: katika programu hii, kumficha mtumiaji ukurasa si kumfungia, kwa kuwa anayeijua anwani ya ukurasa huo anaweza kuufikia.

Tarehe 30 Machi

Kosa la juma hili ni langu. Mama aliniomba pampu ijiwashe yenyewe asubuhi ili akute maji ya ng’ombe yapo tayari, nami nikamwekea sehemu ya kuchagulia saa ambayo programu inakuja nayo. Akachagua 1:00. Pampu ikanguruma usiku wa manane, mbwa wakabweka, mimi nikatoka na tochi nikidhani rilei imeganda.

Asubuhi nilipomweleza kwamba mashine ilifuata alichokiandika, alinitazama kwa muda. “Mwanangu, saa moja ni saa moja. Ng’ombe gani anakunywa maji saa saba usiku?”

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimetafsiri kila neno kwenye skrini ile kwa Kiswahili nikaiacha saa ikihesabu kuanzia usiku wa manane, wakati sisi tunaihesabu kutoka mapambazuko na machweo. Nimeiondoa sehemu ile na kuweka orodha ya kuchagua yenye maneno kamili: saa 11 alfajiri, saa 12 asubuhi, saa 1 asubuhi, na kuendelea. Nyuma ya orodha, mfumo unaongeza saa sita, kisha unaongeza au kuondoa 12 inapobidi, kabla ya kupanga kazi. Katika kuonyesha saa unapunguza sita, na jibu likiwa sifuri au chini yake unaongeza 12, likizidi 12 unaondoa 12. Kwa njia hiyo 00:00 inasomeka saa 6 usiku na 19:00 inasomeka saa 1 usiku. Kipande kigumu kilikuwa tarehe, kwa sababu tukio la saa 7 usiku mashine inaliita la Jumanne, ilhali nyumbani kwetu ukisema “Jumanne usiku” mtu ataelewa usiku unaofuata. Nimeamua taarifa za saa hizo ziandikwe “usiku wa kuamkia Jumanne”, ingawa maneno hayo yanajaza mstari mzima wa kadi, yaani kisanduku cha taarifa kwenye skrini.

Tarehe 13 Aprili

Kitufe cha pampu kiliandikwa “Imewashwa”. Mama aliuliza kama kitufe kinamwarifu au kinamwomba aiwashe, na nilipokitazama upya niliona hoja yake. Sasa hali na amri vimetengana: juu kuna maandishi yasiyobonyezeka, “Pampu inavuta maji” au “Pampu imesimama”, na chini yake kuna kitufe chenye neno moja tu, “Washa” au “Zima”.

Utengano huo ulifichua jambo jingine. Siku ya Alhamisi breka ya pampu, ile swichi ya usalama wa umeme, ilikatika, rilei ikabofya kama kawaida, na skrini ikadai kwamba maji yanavutwa ilhali pampu ilikuwa kimya, kwa sababu nilikuwa nikionyesha kile nilichoamuru badala ya kile kilichotokea. Nimefunga kipimo cha pili kwenye waya wa pampu, na maandishi ya hali yanafuata wati zinazopita hapo. Amri ikitolewa na wati zisipande ndani ya sekunde tano, skrini inaandika “Pampu haijaitika, angalia breka.”

Tarehe 27 Aprili

Mwanangu wa kidato cha pili alipanga upya kadi za kishikwambi kwa kuziburuta, jambo ambalo nilikuwa nimelijivunia. Mama alibonyeza pale alipozoea kuzimia pampu, akawasha taa za nje, simtanki likafurika hadi kwenye migomba. Ukanda wa chini wa skrini, wenye kitufe cha pampu na saa, sasa hauhamishiki na unafanana katika vichupo vyote vinne. Kijana amelalamika kwamba unaharibu mpangilio wake. Nimemwachia rangi.

Juma lijalo nitashughulikia umeme unapokatika: kishikwambi kina betri, ruta haina, na namba za ndoo hubaki kwenye skrini kana kwamba zimepimwa sasa hivi. Nataka zigeuke kijivu na kuandikwa zilipimwa saa ngapi, kwa saa ya Mama.